Mpwa wa Ukoo wa Viazi-mwitu

Mtu wa kwanza Marekani kuniuliza ukoo wa mama yangu alikuwa mzee mmoja Mcherokee, wa wenyeji wa asili wa nchi ile, na aliniuliza nikiwa nimemshika mkono, natafuta mshipa wa kuchoma sindano. Nilikuwa nimekaa Minnesota muda wa kutosha kuyazoea maswali ya watu. Unatoka wapi, huko kuna simba, Kiingereza umejifunzia wapi, unaionaje baridi yetu. Hayo nilikuwa nayajibu hata kabla mtu hajamaliza kuuliza. Hili lilinifanya niinue uso nimtazame.

"Ukoo wa mama?"

"Wa mama," akasema. "Wa baba utanieleza tukipata nafasi."

Nafasi tulikuwa nayo tele. Ilikuwa kliniki ya figo, Minneapolis, katikati ya miaka ya elfu mbili, na mimi nilikuwa nesi wa mashine za kusafisha damu. Mgonjwa wa figo anakuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, anaegemea kiti karibu nusu siku, damu inatoka, inapita kwenye mashine, inarudi mwilini. Mmoja atalala, mwingine atatazama televisheni, mwingine atagombana na mkewe kwa simu. Mzee huyu kazi yake ilikuwa kuongea. Kiingereza chake kilikuwa cha Oklahoma na changu cha Morogoro, lakini tulielewana vizuri kuliko nilivyoelewana na wengi waliozaliwa palepale.

Nikamweleza kwamba mimi ni Mluguru wa Mgeta, milimani, na kwamba kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Shamba la ukoo analipata huko, na mwenye sauti juu yake ni mjomba, yaani kaka wa mama, si baba.

"Kumbe Afrika nako kuna watu wenye akili," akasema. "Sisi pia ndivyo tulivyo."

Yeye alikuwa wa ukoo wa Viazi-mwitu. Wacherokee wana koo saba, na zote zinapita kwa mama. Mtu anazaliwa wa Mbwamwitu, mwingine wa Ndege, mwingine wa Kulungu, na huyu wangu Mungu kamjalia viazi. Nilicheka mpaka mwenzangu wa kazi, dada mmoja Mkenya, akageuka kutoka kwenye mashine yake kuona kuna nini. Nikamwambia mzee kwamba Mgeta tunalima viazi, tunavishindilia kwenye magunia tunavishusha sokoni Morogoro, kwa hiyo ukoo wake wote nimeshaula na chumvi.

Alinitazama, akatikisa kichwa polepole. Kisha akasema nimalizie kuchoma hiyo sindano, maana inaonekana mafunzo niliyapata kwa ng'ombe.

Tangu siku ile akawa mtani wangu. Mimi nikamwita Babu, kwa Kiswahili, na yeye akaniita Daktari wa Ng'ombe. Sisi tunajua utani si maneno ya kupotezea muda. Mtani ana haki ya kukutukana mbele za watu, na siku ya msiba wako ndiye atakayepika na kubeba. Nilimweleza hivyo, nikidhani namfundisha jambo geni. Akaniambia kwamba alipokuwa mdogo kulikuwa na watu ambao mama yake alimruhusu kuwatania mpaka wakasirike, watu wa koo za babu zake, na kulikuwa na watu ambao kuwatania ilikuwa ni kujitafutia kipigo. Alilisema hilo kwa kupita tu na mimi sikulitilia maanani.

Historia ya watu wake alinipa vipande vipande, mashine ikiwa inazunguka. Wacherokee asili yao ni milimani, kusini mashariki mwa Marekani, huko Georgia, Tennessee na Carolina. Walikuwa na miji yao na mashamba ya mahindi, na baadaye wakawa na maandishi yao wenyewe na gazeti lao. Kisha ardhi ile ikatamaniwa. Askari wakaja na bunduki, wakawatoa watu majumbani chungu kikiwa jikoni, wakawafungia kambini, halafu wakawatembeza hadi Oklahoma, nchi wasiyoijua, wengi wao katika majira ya baridi. Wengi walifia njiani. Bibi wa bibi yake, kwa upande wa mama, alikuwa mtoto wa kike katika safari ile. Walipofika mto Mississippi, mto uleule ambao mimi nilikuwa nauvuka kwa basi kila siku nikiwaza nipike nini jioni, walikuta mabonge ya barafu yanaelea, ikabidi wakae ukingoni kusubiri. Mtoto yule alisubiri akiwa ameshikwa mkono na mama yake mdogo, kwa sababu mama mzazi alikuwa ameshazikwa njiani. Na kwa Wacherokee, kama kwetu, dada wa mama ni mama, kwa hiyo mtoto hakuwa yatima.

Alinisimulia hayo kwa sauti ya kawaida, macho yakiwa dirishani kwenye theluji. Halafu akanigeukia.

"Sisi tulifukuzwa na askari. Wewe ulikata tiketi mwenyewe uje kwenye barafu. Nani kichaa hapa?"

Siku nyingine aliniambia jambo ambalo sikulitegemea. Alisema baadhi ya Wacherokee wenye mali walikuwa na watumwa weusi, na watumwa wale walitembea njia ileile wakiwahudumia mabwana zao. "Nakuambia kwa sababu wewe ni mweusi na mimi nakupenda," alisema. "Mtu akikusimulia njia ile bila kuwataja wale, ujue amekupa nusu." Nilimshukuru, na mpaka leo namshukuru. Mtu anayekupa historia ya kwao pamoja na aibu yake amekuheshimu.

Si kwamba alikuwa mtakatifu. Alikuwa na dharau zake, na kubwa ilikuwa kwa watu waliomwendea na kumwambia kwamba bibi wa bibi yao alikuwa binti mfalme wa Kicherokee. Kliniki ile haikupita wiki bila mmoja kutokea. Mzee aliwauliza kwa upole ukoo gani, wakakosa jibu. Wakiondoka ananiambia, "Hatukuwahi kuwa na wafalme. Hao mabinti wa mfalme walizaliwa na nani? Na mbona hakuna hata mmoja aliyejaliwa mjomba Mcherokee mlevi? Kila mtu binti mfalme." Alikubali kwamba anayetafuta asili yake aende akatazame zile orodha za zamani ambamo serikali iliwaandikisha Wacherokee, bibi yake mwenyewe alikuwemo. Lakini alisema orodha inapima damu tu. Haikuambii wewe ni mpwa wa nani.

Na mpwa ndiye aliyekuwa anamkosesha raha.

Mzee alikuja Minneapolis akiwa kijana, pamoja na dada yake wa pekee, enzi serikali ilipokuwa inawahimiza wenyeji wa asili waache vijiji vyao wakatafute kazi mijini. Mji huu nao una wenyewe, Wadakota na Waojibwe, na mzee kila mara alisema yeye hapa ni mgeni kama mimi. Akapata kazi ya reli, dada akapata kazi ya kufua nguo hotelini. Dada akazaa mtoto wa kike akiwa hajaolewa. Wakaja watu na makaratasi, wakamshawishi au wakamtisha, mzee hakuwahi kujua, na mtoto akapelekwa kulelewa na familia ya Kizungu ambayo hawakuambiwa jina lake. Wakati huo mzee alikuwa mbali, kwenye ukarabati wa reli. Aliporudi alimkuta dada yake amekaa kitandani na nguo za mtoto zimekunjwa vizuri mapajani. Dada hakuishi sana baada ya hapo.

Mzee alioa mwanamke wa hapahapa, mjukuu wa watu wa Norway, akapata wana wawili. Niliwaona, watu wazuri, walimleta baba yao kwa zamu. Walikuwa Wacherokee lakini hawakuwa na ukoo, maana ukoo unatoka kwa mama, na mama yao, kama mzee alivyopenda kusema, alikuwa wa ukoo wa Samaki Mkavu, chakula cha kwao Norway. Katika uzao wa mama wa mzee, Viazi-mwitu walikuwa wamebaki wawili tu, yeye na mtoto yule aliyepelekwa. Na yeye ni mwanamume, hapitishi kitu. Moyo wake ulikuwa umeshachoka, daktari alimwambia wazi, na alitaka jambo moja kabla hajaondoka: amwone mtoto wa dada yake, amwambie yeye ni nani.

Siku aliyonieleza hayo niliwaza kwetu. Nilimkumbuka mjomba wangu kule Mgeta, aliyenichapa fimbo za mpera nilipotoroka shule, na ambaye ndiye huyohuyo aliyekaa mbele siku posa yangu ilipoletwa, akawahoji wakwe mpaka wakatokwa jasho. Nilikuwa na muda mrefu sijampigia simu. Mume wangu ni Mchaga, na kwao mtoto ni wa baba, hakuna mjadala. Nami nilikuwa nimeacha tu mambo yaende. Tuliishi kwenye ghorofa Saint Louis Park, nje kidogo ya Minneapolis, watoto wanasikia Kiswahili wanajibu Kiingereza, nikajiambia ukoo ni mambo ya kule, huku hayana kazi.

Mwaka uliofuata, majani yakiwa yameshaanguka, mzee aliingia kliniki amenyoa ndevu. Shati limepigwa pasi, nywele zimechanwa kwa maji. Mwanawe mkubwa alikuwa amehangaika ofisi hadi ofisi mpaka akampata mpwa yule, na mpwa amekubali kuja. Mzee alitaka waonane palepale kwenye mashine, kwa sababu nyumbani, alisema, angetembeatembea kama kuku. Siku hiyo alinitania zaidi ya siku zote.

Mpwa akaja. Alikuwa mwanamke aliyepita umri wa miaka arobaini, mwalimu wa muziki wa shule ya msingi, mpole, amevaa vizuri, kashika kopo la biskuti. Mashavu yalikuwa ya mzee kabisa, hata kipofu angeyapapasa akajua. Nikawavutia pazia, lakini pazia halizuii masikio. Mzee akamkaribisha. Akamuuliza barabara ilikuwaje. Akamuuliza kama ana watoto, akajibu ana binti mmoja, yuko chuo. Mzee akasema vizuri. Basi, ikawa kimya. Yule mzee aliyekuwa hawezi kunyamaza hata akiwa na kipimajoto mdomoni alikaa ameinamisha macho mpaka mashine ikamaliza.

Akaja mara ya pili, ikawa vilevile. Mwenzangu Mkenya akanivuta pembeni.

"Kwani huyu mzee wako ako na shida gani? Ana-joke na kila mtu, mpaka yule jamaa wa ku-mop. Huyo madam akiingia ana-freeze."

"Hata mimi sielewi," nikamwambia.

"Atampoteza, nakwambia. Huyo hata-come back."

Mara ya tatu ndiyo iliyoniumiza. Mpwa alitoka kidogo kwenda kuchukua kahawa. Hakuwa hata amefika kwenye lifti, mzee akamwita yule wa kupiga deki, akamtania juu ya mwendo wake, na chumba kizima kikaangua kicheko, wagonjwa na manesi. Mpwa alikuwa anarudi. Alikisikia kicheko kile kutoka korido, akaingia na kikombe chake na uso umejiandaa kucheka naye. Mzee alipomwona akanyamaza, akakaa sawa, akavuta blanketi. Niliona jinsi uso wa dada yule ulivyoshuka.

Alipoondoka nilimfuata mpaka kwenye koti lake. Hakulia. Alifunga vifungo kwa uangalifu sana, kimoja kimoja.

"Anacheka na kila mtu," akasema. "Nikiingia mimi anazima. Nafikiri nikimtazama namkumbusha mambo mabaya. Nitamwandikia kadi. Sitamsumbua tena."

Na hapo ndipo akili yangu ilipofunguka. Nilikasirika na nafsi yangu kwa kuchelewa, mimi Mluguru, niliyelelewa katika mambo hayohayo. Nikamshika mkono, jambo ambalo nesi hapaswi kulifanya korido, nikamwambia anisikilize kabla hajawasha gari.

Nikamwambia kwamba mimi mzee ananitania kwa sababu mimi si wa kwao. Yule wa kupiga deki anamtania kwa sababu si wa kwao. Kwetu unamtania mtani, unamtania babu na bibi, unamtania binamu. Mjomba hakutanii. Mjomba wangu hajawahi kunichekesha hata siku moja, na akikaa nami anakaa wima kama yuko kanisani, kwa sababu mimi ni mtoto wa dada yake, ndimi ukoo wake wenyewe. "Humu ndani," nikamwambia, "wewe ndiye mtu pekee ambaye mzee yule hamtanii. Sisi wengine wote ni wageni wake."

Alinisikiliza. Akasema ahsante, kwa ile adabu ya watu wa Minnesota ambayo huwezi kujua imefunika nini, akaenda zake.

Nikarudi kwa mzee nikiwa na hasira. "Babu, mpwa wako unamfukuza kwa kimya chako."

Alishangaa kweli. "Sijamnyamazia. Nimemheshimu. Unataka nimtanie mtoto wa dada yangu? Mama yangu angefufuka anichape."

"Basi mgombeze. Si ndiyo kazi ya mjomba?"

Hapo akageukia dirishani. "Mjomba wangu alinigombeza mpaka nikawa mtu," akasema. "Lakini yeye alikuwepo. Mimi mtoto alichukuliwa nikiwa kwenye reli. Nitamgombeza kwa haki gani?"

Ndipo nikaelewa mzee alivyobanwa. Kumtania mpwa mila inamkataza, na kumgombeza dhamiri inamkataza. Hakubakiwa na kitu ila kimya. Nilimwambia mjomba haombi ruhusa kwa mtu, wangu hakuniomba.

Siku ya zamu yake iliyofuata kiti cha mgeni kilikaa kitupu. Iliyofuata nayo hivyohivyo. Mzee hakumtania mtu. Nilikwenda nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba nimeingilia yasiyonihusu na nimeharibu. Akasema kuingilia yasiyonihusu ndiyo sababu alinioa, nile kwanza.

Kisha ikaanguka theluji ya wazimu, ile ya mwanzo wa Desemba ambayo hata wenyeji huiheshimu. Redio ilisema watu wasitoke. Wagonjwa waliletwa kwa shida, manesi wengine hawakufika. Mchana mlango ukafunguka, akaingia mpwa. Hana kofia. Miguuni ana viatu vyembamba vya darasani, na theluji imejaa mpaka kwenye soksi. Alisema gari liliserereka barabara kuu, likazunguka, lakini amefika. Alisema alikuwa amekaa nyumbani siku zote zile akifikiria, halafu leo akaona aje tu.

Mzee alimtazama kichwani, akamtazama miguuni.

"Kofia iko wapi?" akauliza.

Mpwa akafungua mdomo.

"Nakuuliza kofia iko wapi. Na viatu gani hivyo? Matairi ya gari lako nani aliyatazama? Hakuna? Dada yangu alikuzaa kwa uchungu uje kufa barabara kuu kwa sababu ya matairi? Una mtoto chuoni, unaendesha hivyo kwenye theluji, huna akili? Leo huondoki. Utakaa hapo mpaka mwanangu aje ayatazame matairi hayo. Na vua hivyo viatu, umelowa."

Kengele ya mashine ikaanza kulia kwa sababu alikuwa ameinua mkono wenye sindano. Nilikimbia kuishika mirija. Sikuthubutu kumtazama dada yule. Niliwaza, huyu ni mwalimu, mtu mzima, amelelewa na watu wasiopandishiana sauti, amevuka theluji yote hii kuja kufokewa mbele ya watu.

Nilipomtazama alikuwa anavua viatu. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta, na juu ya machozi hayo alikuwa anatabasamu kama mtoto aliyepewa kitu.

"Ndiyo, Mjomba," akasema.

Nikaenda kumtafutia soksi za wagonjwa, zile za kijani. Mwenzangu Mkenya alikuwa amejificha nyuma ya kabati la dawa anapenga kamasi.

Majira ya baridi yale yote alikuja. Mzee alimgombeza juu ya matairi, juu ya kula kwake kidogo, juu ya kufanya kazi Jumapili. Alipomaliza kumgombeza alimfundisha. Alimkaririsha mama zake, mmoja baada ya mwingine: mama yake aliyemzaa, na mama wa huyo, na mama wa huyo, mpaka akafika kwa mtoto wa kike aliyesubiri barafu ukingoni mwa Mississippi. Majina siyataji hapa, si yangu. Mpwa akikosea anarudishwa mwanzo. Mimi nikipita na dawa nilikuwa nayasikia, na kwa kweli nilijisikia nimealikwa mahali.

Ndipo nami nikanunua kadi ya simu, nikampigia mama. Nikamwambia anitajie mama zake mpaka atakapoishia. Alidhani naumwa. Alipoelewa alicheka, kisha akanitajia, akamwita na mjomba aje aongeze. Mjomba alipochukua simu jambo la kwanza lilikuwa kunigombeza kwa kimya changu cha muda wote ule, na nilisimama jikoni kwangu Saint Louis Park nikipokea maneno yale kwa shukrani ambayo sikuwahi kuwa nayo nilipokuwa mdogo. Jioni nikamkalisha binti yangu, nikamwambia yeye ni wa ukoo wangu.

"So I'm not Chagga?" akauliza.

"Baba yako ni Mchaga. Wewe ni wa kwangu."

"Mama, that's so confusing."

"Mwambie mtoto ukweli," baba yake akasema akiwa jikoni. "Mchaga huyo. Mtazame anavyoshika pesa."

Hatujamaliza mjadala huo hadi leo, na sina haraka ya kuumaliza. Lakini majina aliyashika, kwa lafudhi yake ya Kimarekani, na mjomba wangu aliyasikia kwa simu kabla hajafa. Deni hilo la fadhila ni la mzee wa Viazi-mwitu, na sina pa kulipeleka ila hapa.

Mzee alifariki theluji ilipoanza kuyeyuka, usingizini, nyumbani kwa mwanawe. Walimwombea katika ukumbi wa kanisa moja kusini mwa Minneapolis, na kulikuwa na chakula. Mimi nilikwenda na sufuria la viazi, kwa sababu mtani ndiye anayepika, na nikamchukua binti yangu. Walikuja watu wa reli, Waojibwe waliokuwa majirani zake, yule wa kupiga deki, na ndugu wachache wa mbali kutoka Oklahoma, miongoni mwao bikizee mmoja kwenye kiti cha magurudumu.

Wana wa marehemu walizungumza kifupi. Kisha mkubwa akasema kwamba baba yao aliacha agizo, anayestahili kusimama mwisho ni mtoto wa dada yake. Mpwa akaenda mbele. Alisema amelelewa na watu wema, anawapenda, na walikuwa waangalifu naye sana maisha yake yote, kama chombo cha kuazima. "Mjomba wangu alinigombeza," akasema. "Alinigombeza mbele ya watu kwa sababu ya kofia. Siku hiyo nikajua nina kwetu."

Nililia bila kuona haya. Yeye akageuka akamwita binti yake, msichana mrefu wa chuo aliyekuwa amesimama ukutani na sahani mkononi. Msichana akaweka sahani chini, akaenda akasimama kando ya mama yake. Mama akamwambia neno sikioni.

"Mimi ni wa ukoo wa Viazi-mwitu," msichana akasema, taratibu, akiwa ameinamisha macho.

Yule bikizee wa Oklahoma akainua mkono kutoka kwenye kiti chake. Akasema hakusikia.

Msichana akarudia kwa sauti.